Banda la Nne

Kuku wa sitini na moja alikufa mbele ya macho ya Shangazi, na wala hakufa kwa kishindo. Alikuwa amekaa kwenye maranda ya mbao, miguu imemtoka kando kama mtu aliyeteleza kwenye sakafu yenye sabuni. Akanyoosha shingo, akafungua mdomo na kuufunga mara mbili, basi. Tembe wa wiki kumi na tisa, kilemba cha kichwani ndiyo kwanza kinaanza kuwa chekundu. Siku chache zaidi angetaga yai lake la kwanza.

Shangazi aliandika kwenye daftari: 61. Akatazama saa. Saa sita na nusu mchana, Ijumaa.

Jina la Shangazi alipewa kituo cha polisi, na kwa sasa hata Mkuu wa kituo alilitumia. Walimwita hivyo kwa sababu aliwahoji watuhumiwa kama shangazi anayetaka kujua nani kamaliza sukari: bila kelele, bila haraka, na bila kuondoka mpaka aambiwe. Siku hizi hata namna hiyo ilikuwa imemchosha. Miguu ilimvimba tangu juzi, viatu vilimbana, na kwenye mkoba wake kulikuwa na hati ya mashtaka ambayo Mkuu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko mzuri, mistari imenyooka: kutia sumu mifugo ya mtu. Ilikosa sahihi moja tu, yake yeye mpelelezi. Ikifika saa kumi jioni bila sahihi hiyo, kijana aliyekuwa mahabusu tangu Jumatano aachiwe. Ikisainiwa, jioni hiyo hiyo anapandishwa gari la gereza.

Alitoka nje ya banda akipangusa viatu kwenye gunia lililoloweshwa dawa mlangoni. Mwenye shamba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika tama. Watu walimwita Mama Trei, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona anauza yai moja moja.

"Mwingine," Shangazi alisema.

"Nimesikia kimya chake. Niambie kitu kingine, Afande, hicho nimeshakijua."

"Nirudishe mwanzo. Mabanda manne."

"Si nilikwambia juzi?"

"Juzi nilikuwa na akili. Leo niambie kama unamwambia mtoto."

Mama Trei alinyoosha kidole kuelekea milango minne iliyopangana, kila mmoja umeandikwa namba kwa chaki. Kila banda matembe mia moja, wameingia siku moja, wametoka kwa mtotoleshaji mmoja. Banda la kwanza walikula chakula cha kawaida. La pili walikula cha kawaida pamoja na majani, yaani unga wa mlonge, kitunguu saumu na binzari anaousaga mdogo wake. La tatu hawakupewa majani; walipewa kimeng'enya, ule unga wa kiwandani unaokuja kwenye pakiti, na kwa ajili yake wakapunguziwa unga wa mifupa. La nne walipewa vyote viwili, majani na kimeng'enya, na wao pia wakapunguziwa unga wa mifupa.

"Nilitaka kuona kipi kinafaa," alisema. "Matembe wakikua vibaya, hata uwape dhahabu baadaye, hawatagi vizuri. Kwa hiyo nikapima. Mdogo wangu akanuna. Akasema namleta mgeni wa pakiti kuja kumtukana. Akasimama pale getini, watu wanasikia, akasema, 'Hao kuku utawalilia.' Haya, nawalilia. Ungekuwa wewe ungemshuku nani, mvua?"

"Tangu siku hiyo aliingia humu ndani?"

"Nilimkataza. Majani yake anayaacha getini kwenye gunia."

"Gunia la banda la pili na gunia la banda la nne?"

"Gunia ni moja. Yanapimwa stoo."

Shangazi aliandika kwenye daftari: gunia moja. Nadharia ya Mkuu aliijua kwa moyo. Kijana huyo, ambaye mtaani waliishia kumwita Majani, aliogopa kwamba pakiti ikishinda, dada yake ataacha kununua unga wake na wafugaji wengine watamfuata. Kwa hiyo akalitia sumu banda ambamo vitu viwili vimekutana, akaliacha lile lenye majani peke yake ling'ae. Ilikuwa nadharia iliyonyooka kama mwandiko wa Mkuu. Ila juzi Shangazi alipomuuliza Majani banda la nne liko upande gani wa shamba, kijana alimkodolea macho akasema, "Kwani yapo mangapi?" Mtu anaweza kuigiza mengi akiwa mahabusu. Kuigiza kutojua hesabu ya mabanda ni kipaji ambacho Shangazi alikuwa hajakutana nacho.

Simu ililia mfukoni. Ilikuwa ya mkemia wa maabara.

"Dada yangu, sina sumu ya kukupa," mkemia alisema bila salamu.

"Tafuta tena."

"Nimetafuta dawa ya panya, dawa ya wadudu, kuvu, hata chumvi iliyozidi. Hamna. Majani yenyewe ni safi, ningeyatia kwenye mchuzi wangu."

"Wamekufa na nini basi?"

"Mifupa. Nimeshika paja la mmoja, limepinda kama mpira. Hao wamekufa kwa njaa ya fosforasi."

"Wamekula kila siku mpaka wakashiba."

"Wamekula kilichofungwa. Sikiliza. Mahindi na pumba vina fosforasi tele, lakini imefungiwa humo ndani, na tumbo la kuku halina cha kuifungulia. Ndiyo maana watu huongeza unga wa mifupa. Sasa mabanda mawili yalipunguziwa unga wa mifupa, kwa sababu kimeng'enya cha kwenye pakiti ndicho kingefungua ile iliyofungwa. Sawa?"

"Nakufuata."

"Kwenye chakula cha banda la tatu, kimeng'enya nimekikuta, kinafanya kazi. Kwenye chakula cha banda la nne ni kama hakikuwekwa kabisa."

"Hakikuwekwa, au kimewekwa cha bandia?"

"Mimi nakwambia ninachokiona kwenye chupa. Nani kafanya nini, hiyo ndiyo unalipwa wewe."

"Nalipwa?" Shangazi alisema, akakata simu.

Saa saba kasoro robo. Kwa muda alijisikia mwepesi. Kama pakiti ni za bandia, kijana wa mahabusu hana kesi, na mwenye kesi anafahamika. Tena alikuwa palepale shambani, anapangusa vumbi kwenye gari lake. Muuzaji wa kimeng'enya alivaa tai hata kwenye mabanda ya kuku, na wafanyakazi walishaacha kumwita kwa jina lingine. Tai, basi.

"Afande, mama yangu," Tai alisema alipomwona, akatabasamu kwa mazoea ya kazi. "Umekuja kunikamata?"

"Inategemea. Pakiti za banda la nne zilikuwa na nini?"

Tabasamu liliondoka. "Njoo," alisema. Akatangulia mbio mbio mpaka banda la tatu, akafungua mlango.

Matembe walisimama wote. Walijaa vifua, miguu ya njano imekaza, na walipomwona mtu walimkimbilia kama watoto waliosikia mlio wa sufuria. Kwenye kona mmoja wao alikuwa ameshaangusha yai dogo, na wenzake wanalichungulia.

"Boksi lilikuwa moja," Tai alisema. "Nililifungua mimi mbele ya mwenye shamba. Nusu ya pakiti zikaja hapa, nusu zikaenda banda la nne. Kama nimeuza unga wa muhogo, hawa wamesimama kwa maombi?"

Wepesi wa Shangazi ukaisha hapo hapo. Aliegemea fremu ya mlango ili kupumzisha mguu wa kulia. Majani peke yake, kuku wazima. Kimeng'enya peke yake, kuku wazima. Vikikaa pamoja, kuku wanalala chini. Na maabara inasema kimeng'enya kimepotea. Basi swali si nani aliongeza kitu. Swali ni kitu gani kilichotokea kwa vitu viwili vilipokutana ambacho hakikutokea kila kimoja kilipokuwa peke yake.

"Nini kinaweza kukiua kimeng'enya chako?"

"Hakifi, mama, si mdudu."

"Kukiharibu, basi. Usinifundishe lugha saa hizi."

"Kukaa sana juani. Kupitwa na muda. Na moto, huo ndio adui mkubwa. Ukikitia kwenye maji yanayochemka, dakika tano tu, umebaki na unga wa kupaka usoni."

"Mzee anayechanganya chakula anajua?"

"Nilimwonyesha mwenyewe. Unachukua pumba kilo moja, unachanganya kavu, halafu unaingiza kwenye mzigo mkubwa. Mzee makini sana yule. Alinipima mpaka mimi."

"Banda la nne pia ulimwonyesha?"

Tai alirekebisha tai yake shingoni. "La nne ni vilevile. Anaongeza majani tu."

"Sikuuliza kama ni vilevile. Ulimwonyesha?"

"Hapana."

Shangazi alirudi uani polepole. Mama Trei alikuwa bado juu ya ndoo yake.

"Majani mnayatiaje kwenye chakula?"

"Yanalowekwa kama chai. Maji ya moto, birika linafunikwa, yakishatoa rangi unamwagia kwenye pumba na machicha yake yote. Ukiyatia makavu kuku wanayachambua, wanakuachia kwenye sahani." Mama Trei aliinua kichwa. "Kwa nini?"

"Anayechanganya yuko wapi?"

"Mjomba? Yuko stoo. Lakini Afande, usimsumbue sana. Huyo ndiye aliyetulea sisi wote wawili, mimi na yule mpumbavu wangu. Mama alipofariki, mdogo wangu alikuwa hajaota meno. Mjomba alimpimia maziwa kwa kijiko."

Shangazi alijua. Alikuwa na maelezo ya mjomba huyo kwenye mkoba, yaliyochukuliwa Alhamisi, yakasainiwa kila ukurasa. Alisimama nje ya stoo akayasoma upya. *Majani nililoweka. Pakiti nilichanganya kavu, mabanda yote mawili, kama nilivyoonyeshwa.*

Ndani kulikuwa na harufu ya pumba na binzari. Magunia yalipangwa kwa mistari ambayo ungeweza kuipimia rula. Kwenye meza kulikuwa na mizani tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja imefunikwa kitambaa chake. Mzee mwenyewe alikuwa anafagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Wafugaji wote wa huko walimjua kwa jina la Gramu. Walikuwa wakisema kwamba ukimwomba Gramu chumvi ya kuonja, atakuuliza kiasi gani.

"Kaa, Afande. Miguu yako imevimba."

"Ukiiona mpaka wewe, basi imevimba." Alikaa kwenye gunia. "Nimechoka, mjomba. Nina maswali machache halafu niende."

"Uliza."

"Pakiti tupu mnatupa wapi?"

Mzee alionekana kama aliyetukanwa. "Situpi. Kila kilichoingia humu nakiweka. Mtu akija kuuliza, namwonyesha."

"Basi mimi nimekuja kuuliza."

Gramu alisita kidogo, akafungua kabati. Alitoa mafungu mawili, kila fungu limefungwa kwa kamba ya katani, na kila moja lina kipande cha karatasi: *Banda 3. Banda 4.* Shangazi alichomoa pakiti moja kutoka fungu la tatu, akaingiza kidole mpaka kwenye kona. Kilitoka na vumbi jepesi la kijivu. Akachomoa ya fungu la nne. Kidole kilitoka kikavu, safi kama kilivyoingia. Alijaribu ya pili na ya tatu. Karatasi zake zilikuwa zimekakamaa na kujikunja, kama daftari lililonyeshewa, na mdomoni mwa kila pakiti kulikuwa na alama hafifu ya njano.

"Hizi zimekauka sana," alisema. "Za tatu zina unga wake bado. Za nne ni kama zimelambwa."

"Kwenye kona hubaki gramu moja, hata mbili," mzee alisema, na sauti yake ikawa ya fundi anayemwelekeza mwanafunzi. "Ukikung'uta haitoki. Ukisuuza unapata yote, haipotei hata..."

Akashika tena ufagio.

Nje jogoo wa jirani aliwika bila sababu. Shangazi hakumharakisha. Aliirudisha pakiti kwenye fungu lake, akaikaza kamba.

"Ulisuuza kwa maji gani, mjomba?"

Mzee aliutazama ufagio.

"Ya kwenye birika?"

"Nilitaka kienee," Gramu alisema mwishowe. "Pakiti ni ndogo, chakula ni kingi. Mkono hauwezi kueneza kama maji. La tatu nilionyeshwa kavu, nikafuata kavu. La nne hakuna aliyenionyesha. Birika lilikuwa tayari limechemka kwa ajili ya majani, nikasema kwa nini nisitie vyote humo, vikaenda sawasawa kila punje? Nilifurahi, Afande. Nilijiona nina akili. Wiki saba nimefanya hivyo, kwa uangalifu wote niliojaliwa."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu. Walipoanza kukaa chini. Nilivaa miwani nikasoma nyuma ya pakiti."

"Majani alikamatwa lini?"

Mzee alijua kwamba Shangazi anajua. Alijibu hata hivyo. "Jumatano."

"Na hii ulisaini lini?" Aliinua maelezo.

"Jana."

"Siku ya Jumatatu ilikuwa bahati mbaya. Hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kupenda kazi yake kupita kiasi. Jana ndiyo iliyonileta."

"Nilisema atatoka. Hakufanya kitu, atatoka tu. Ni kijana, baada ya mwezi atakuwa anaisimulia akicheka." Mzee aliketi kwenye gunia lililomkabili, taratibu, mkono kiunoni. "Mimi miaka thelathini watu wananiita Gramu. Wananiletea vipimo vyao niwahakikishie. Nikasema nitaenda kuwaambia nini? Kwamba kuku sitini nimewaua mimi, kwa birika?"

"Sitini na moja."

Hilo ndilo lililomvunja. Alifunika uso kwa kiganja, mabega yakatikisika, na Shangazi akageukia ukuta akasoma tangazo la chanjo mpaka mwisho, pamoja na namba za simu. Saa nane na robo. Angekuwa na nguvu angekasirika. Alichokipata ndani yake ni ule uchovu wa mtu aliyekuta nyumba haina mwizi, na bado kuna kilichoibwa.

"Wale thelathini na tisa waliobaki?" mzee aliuliza kupitia vidole.

"Mkemia atakwambia vizuri zaidi. Ila mimi kwa akili yangu, warudishiwe unga wa mifupa leo, na pakiti iende kavu."

Gramu aliinuka. Alivua kitambaa kwenye mizani ya kati, akapima unga wa mifupa, akapunguza kidogo kwa ncha ya kijiko, akaongeza, akapunguza. Mshale haukutulia. Shangazi alisubiri. Alimwacha apime chakula chote cha jioni, kila banda na ndoo yake, ingawa saa ilikuwa inakimbia. Ndoo ya nne ilipojaa, mzee alizirudishia mizani zote tatu vitambaa vyake.

"Unanifunga pingu?"

"Za kazi gani? Utatembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Maelezo yako ya jana utayabatilisha kwa mdomo wako. Mimi naweza kuandika yote haya, lakini nikiandika mimi, itakuwa nimekukamata. Ukisema wewe, itakuwa umekuja. Mbele ya hakimu hayo ni mambo mawili tofauti."

"Na mbele ya mtoto?"

Shangazi alimfungulia mlango wa stoo.

Mama Trei walimkuta uani. Aliangalia uso wa mjomba wake, akaangalia ule wa Afande, akatupa macho kwenye mafungu mawili ya pakiti. Alipanda nyuma ya gari na ndala za bandani miguuni.

Saa kumi kasoro dakika kumi Mkuu alikuwa kaunta, kalamu mkononi.

"Umesaini?"

"Hapana. Mtoe kijana."

"Shangazi, tusianze. Kuna sumu au hamna?"

"Hamna. Kuna mtu aliyetoa maelezo ya uongo, na amekuja kuyarekebisha." Aliiweka hati ya mashtaka kaunta, sehemu ya sahihi ikiwa nyeupe vilevile. "Ripoti utaipata kesho. Leo siwezi kuandika kitu kirefu kuliko jina langu."

Mkuu alimtazama mzee aliyeketi kwenye benchi, magoti yamebanana, kofia mapajani. Kisha akamtazama Shangazi. Miaka aliyofanya naye kazi ilimfundisha lini asibishane. Akachukua funguo.

Majani alitoka ameshika suruali kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa bado kaunta. Siku tatu zilimkondesha uso. Alimwona dada yake kwanza, akageuza shingo, kwa sababu alijua ni nani aliyempeleka humo. Mama Trei alisimama katikati ya chumba, mikono haijui iende wapi.

"Mdogo wangu," alisema. "Nimekosa. Nimekosa sana."

Majani hakumjibu. Macho yalikuwa yamefika kwenye benchi, na uso wake wote ukafunguka kama wa mtoto aliyeona mtu wa kwao kwenye umati.

"Mjomba! Shikamoo. Nilijua wewe utakuja kunichukua. Niliwaambia wenzangu humo ndani, nina mjomba, subirini tu mtamwona."

Alisimama mbele yake, suruali mkononi, akingoja kuitikiwa. Mzee alifumbua mdomo. Mkuu aliacha kuhesabu funguo. Shangazi alichukua karatasi safi kutoka kwenye droo, akaandika tarehe juu yake, na hakuinua kichwa.

"Usiniamkie kwanza, mjomba," Gramu alisema, akimwachia mpwa wake nafasi kwenye benchi. "Kaa hapa. Sikia kwanza nilichokufanyia, halafu kama bado unataka kuniamkia, utaniamkia."

Kijana alikaa. Mzee akamgeukia mpelelezi.

"Andika, Afande," alisema. "Nianzie kwenye birika."